Baraka: Filamu za wanafunzi zinafundisha watoto kwamba umaskini ni ubaya wa sura

Jua likishazama nyuma ya milima, kwenye mitaa mingi ya Baraka watoto hukusanyika kuzunguka telefone moja. Watano, sita, kichwa kwa kichwa. Filamu imewekwa kwenye kadi pale sokoni, kwa vijana wenye kompyuta, kwa frangi chache tu. Mara ni ya Nigeria, mara ni ya Bongo iliyovuka ziwa kutoka Kigoma, mara ni ya Marekani. Wasichana wa sekondari wanapenda sana zile za masomo: kuna binti mrembo kupita wote, kuna kundi linalomfuata nyuma, kuna kijana mcheza mpira anayetamaniwa na kila mtu, na kuna binti mmoja ambaye hakuna anayemtazama.

Si vibaya mtoto acheke jioni. Watoto wa hapa wameona mambo mengi yasiyochekesha. Lakini filamu hizo zina fundisho, na fundisho hilo limeingia madarasani bila kuomba ruhusa ya mwalimu. Linasema kwamba shuleni kuna ngazi, kwamba aliye juu yuko juu kwa ajili ya sura na nguo, na kwamba aliye chini amejitakia mwenyewe.

Inafaa kuangalia vizuri namna filamu zinavyomtengeneza huyo binti wa chini. Katika She's All That, filamu ya Marekani ya mwaka 1999, kijana anayependwa na shule nzima anaweka dau kwamba atamgeuza binti asiyejaliwa awe malkia wa sherehe. Binti huyo ana kasoro gani? Anavaa miwani, nguo zake ni za kazi, na baba yake anasafisha mabwawa ya kuogelea ya watu wengine. Wanamvua miwani, wanamkata nywele, wanamvika gauni jekundu, anashuka ngazi, na wote wanapigwa na butwaa. Katika The Princess Diaries ya mwaka 2001 ni vilevile: binti ana nywele nzito za kujikunja, zinanyooshwa, miwani inavunjwa, na ghafla anaitwa mrembo.

Basi ule ubaya ulikuwa wapi? Haukuwapo. Sura ni ileile, macho ni yaleyale. Kilichoondolewa ni alama za mtu asiye na pesa. Filamu hizi zinachukua umaskini, zinaupa jina la ubaya, kisha zinauza uzuri dukani.

Huko Marekani fundisho hilo linaumiza. Hapa Baraka linaumiza mara mbili. Mtu afikirie binti aliyeshuka kutoka milimani akikimbia risasi usiku. Amefika na nguo moja na sandali. Jamaa imepokelewa katika nyumba ya watu ambao nao hawana nafasi. Baada ya miezi anapata kiti darasani, shati lake jeupe ni la kuazima, sketi ya buluu imepauka, bulletin ya shule ilibaki katika nyumba iliyoungua. Kwa kipimo cha filamu, huyu ndiye binti wa chini kabisa. Tofauti ni kwamba kwake hakuna anayekuja na gauni jekundu. Wanaokuja ni wenzake wenye vicheko, au mwanamume mwenye umri wa baba yake, mwenye pikipiki na ahadi ya telefone.

Hapo ndipo mchezo wa filamu unapokwisha. Msichana anayechekwa kila siku huanza kukosa siku moja, halafu wiki, halafu haonekani tena. Watu watasema amekosa pesa za masomo. Mara nyingi ni kweli. Lakini aibu nayo hufukuza watoto shuleni, wala haimpi mzazi barua ya kumwonya.

Wazee wa hapa hawapaswi kuambiwa mambo haya na mtu yeyote. Wengi wao walivuka ziwa mwaka 1996 na kulea watoto katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Waliporudi kwa meli za HCR kuanzia mwaka 2005, wapo waliochekwa kwa Kiswahili chao na kwa mizigo yao ya kambini. Mama aliyechekwa hivyo, leo akinyamaza binti yake anapomcheka mtoto aliyehama, amesahau upesi mno.

Tena filamu zenyewe zinadanganya hata kwa umri. Katika Grease ya mwaka 1978, Stockard Channing aliigiza mwanafunzi wa sekondari akiwa na miaka 33. Katika Mean Girls ya mwaka 2004, Rachel McAdams, yule malkia mkali wa shule, alikuwa mtu mzima wa miaka kama 25. Binti wa miaka 15 anajipima na mwanamke mzima aliyepakwa, aliyevikwa na kumulikwa taa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Akijiangalia kwenye kioo anaona amepungukiwa. Hajapungukiwa na kitu. Yeye ni mtoto, na yule ni mtu mzima aliye kazini.

Kipimo hicho kina bei nyingine, nayo inaonekana kwenye ngozi. Sabuni na mafuta ya kujichubua yanauzwa waziwazi, na baadhi ya bidhaa za aina hiyo zina zebaki, sumu inayoharibu figo. Mwaka 2014 Lupita Nyong'o, Mkenya aliyepata Oscar mwaka huohuo, alisema hadharani kwamba alipokuwa mdogo alimwomba Mungu aamke akiwa na ngozi nyeupe zaidi, kwa sababu kwenye televisheni aliona ngozi nyeupe tu. Kama mtoto huyo aliomba hivyo, binti wa Baraka mwenye kadi iliyojaa filamu anaomba nini usiku?

Wapo watakaojibu kwamba filamu nyingine zinakemea majivuno. Ni kweli. Mean Girls ilitokana na kitabu cha Rosalind Wiseman cha mwaka 2002, kilichoandikwa kuwasaidia wazazi, na mwishoni binti anavunja taji na kuwagawia wenzake vipande. Lakini saa nzima na zaidi watoto wameonyeshwa utamu wa kuwa malkia, na toba ni ya dakika chache. Wakitoka hapo wanaiga nini? Wanaiga nguo na matusi. Taji lililovunjwa haliigwi na mtu.

Wengine watasema dawa ni kuzuia telefone. Haitawezekana, na haitoshi. Afadhali watoto waonyeshwe na filamu nyingine. Queen of Katwe ya mwaka 2016 inasimulia maisha ya kweli ya Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyeuza mahindi na kujifunza mchezo wa sataranji kwa Robert Katende. Mama yake anahangaika na kodi hadi wanatolewa nyumbani. Watoto wa Katwe wanapokwenda kushindana katika shule ya wakubwa, wanadharauliwa kwa nguo zao. Hakuna anayemrembesha Phiona ili ashinde. Anashinda kwa akili yake, na sura yake ni ileile. Mtoto aliyelala chini ya turubai ataielewa filamu hiyo bila tafsiri.

Kazi kubwa zaidi ni ya shule. Shule inayopanga mashindano ya Miss mwisho wa mwaka, wasichana wakipita mbele ya walimu na wageni ili wapewe pointi, inafanya filamu ileile, tena kwa mhuri wa prefe. Anayeshinda ni yule ambaye kwao walipata pesa ya gauni na nywele. Komite za wazazi zina nguvu ya kukataa jambo hilo kabla ya mwaka kwisha. Siku hiyo iwe ya majadiliano, ya hesabu, ya mbio, ya kuimba, na mtoto aliyehama apate mahali pa kusimama na kupigiwa makofi. Mwalimu anayesikia jina la kejeli darasani asicheke pamoja na darasa. Na mtoto asiye na sare asirudishwe nyumbani mbele ya wenzake, maana hapo shule imempigia kura ya mwisho.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Filamu itaisha, telefone itakwisha moto. Asubuhi kengele italia, na binti yule wa sandali atapita mlangoni akitafuta kiti. Atakayesogea kidogo ampe nafasi, huyo ndiye wa kusifiwa shuleni.