Ndoa huvunjika, uzazi hauvunjiki

Yako maswali ambayo jamii yetu hupenda kuyajibu kwa kelele kabla ya kuyafikiri. Mojawapo ni hili: je, yafaa mume na mke waliotalikiana waendelee kuwa marafiki? Wapo wasemao kwamba huo ni unafiki mtupu, kwani maji yakimwagika hayazoleki. Wapo nao wadaio kwamba mtu mstaarabu hana budi kumjulia hali mtalaka wake kila mara, kumwalika katika sherehe zake na kucheka naye kana kwamba hapakutokea jambo. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimelianza jambo hili mwishoni. Kabla ya kuuliza iwapo wawili hao watapendana, sharti tuulize ni deni gani lililobaki baina yao.

Walimu na wanafunzi wa Kiswahili wana pa kuanzia. Kitenzi "kuachana" kimo katika kauli ya kutendana. Hata pale ambapo mmoja tu ndiye aliyetaka kuondoka, kazi ya kuachana vyema huwa ya wawili. Aidha, twasema "mume wa zamani" na "mke wa zamani", lakini hatujapata kumsikia mtu akisema "baba wa zamani" wala "mama wa zamani". Lugha imekwisha kukata shauri: ndoa ina mwisho, uzazi hauna.

Sheria za nchi nazo zafuata njia iyo hiyo. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, katika Kifungu cha 53, yasema kwamba baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza mtoto wao, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikalitilia mkazo jukumu hilo. Msomaji atambue kwamba hakuna mahali ambapo wazazi wameamriwa kuwa marafiki. Walichoamriwa ni kushirikiana. Urafiki ni hiari ya moyo, ilhali ushirikiano katika malezi ni wajibu.

Tofauti hiyo ni muhimu, kwani wengi huvunjika moyo kwa kudai urafiki mapema mno. Tukumbuke jinsi talaka inavyopatikana. Sheria ya Ndoa ya 2014 ilitaja sababu ambazo mwombaji aweza kuzitoa: uzinzi, ukatili, kutelekezwa, au ndoa kuharibika kiasi cha kutorekebika. Kwa hiyo mara nyingi mtu hulazimika kuyaandika makosa ya mwenzake na kuyasoma mbele ya hakimu. Kisha huja suala la mali. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mali ya ndoa haigawanywi nusu kwa nusu kwa sababu tu watu walioana, bali kila mmoja sharti aonyeshe mchango wake. Waliotoka kuumbuana mahakamani na kuhesabiana stakabadhi hawawezi kuketi pamoja kesho yake wakanywa chai kwa furaha. Kuwataka wafanye hivyo ni kuwataka waigize.

Hapa pana hekima katika mafundisho ya Uislamu. Mwanamke aliyetalikiwa hukaa eda, kwa kawaida muda wa tohara tatu, na aliye mjamzito hukaa hadi ajifungue. Katika talaka ya rejea, muda huo huwapa wawili hao nafasi ya kutafakari. Ukiisha, hujulikana wazi kama wamerudiana au wameachana, na Kurani yahimiza kwamba lolote kati ya hayo lifanywe kwa wema. Hata asiye Mwislamu aweza kujifunza jambo hapa: talaka yahitaji muda, na yahitaji mpaka ulio wazi. Urafiki unaochipuka kabla ya mpaka huo kuwekwa huwa ni ndoa isiyokiri kuwa imekufa. Humfanya mmoja aishi kwa matumaini, na humtesa yeyote atakayeoa au kuolewa baadaye.

Anayelipa gharama ya ugomvi usiokwisha ni mtoto, na mwalimu wa darasa huwa miongoni mwa wa kwanza kuiona hesabu hiyo. Huiona siku ya wazazi, pale baba anapoondoka kwa sababu mama amefika. Huiona wakati wa karo, kila mzazi akisema ni zamu ya mwenziwe, huku mwanafunzi akirudishwa nyumbani isiyojulikana ni ipi. Huiona kwa mtoto aliyegeuzwa tarishi: "Mwambie babako hivi", "Mwambie mamako vile". Ndovu wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Hata hivyo, tusije tukaeleweka vibaya. Yuko aliyeondoka katika ndoa kuokoa maisha yake. Huyo asihubiriwe urafiki, wala asiambiwe avumilie "kwa ajili ya watoto". Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 yawalinda hata waliokuwa wameoana zamani, na mahakama yaweza kumzuia mwenye kudhulumu asimkaribie aliyedhulumiwa. Katika hali kama hiyo, umbali ndio usalama, na malezi yapangwe kupitia mahakama au maafisa wa watoto.

Na wale ambao hawakujaliwa watoto? Hao hawadaiani urafiki, lakini wanadaiana sitara. Mtu aliyelala nawe miaka kumi ayajua maradhi yako, madeni yako na machozi yako. Kuyatangaza hayo sokoni baada ya talaka ni kuivunja amana ambayo haikuvunjwa na hakimu yeyote.

Tunachopendekeza ni rahisi kusema, ijapokuwa ni kigumu kutenda. Wazazi walioachana wakubaliane kwa maandishi nani atalipa nini, mtoto atakaa wapi likizo, na nani ataitwa akiugua. Wasitukanane mbele yake. Walimu nao wasimhoji mtoto kuhusu mambo ya kwao, na ripoti ya matokeo imfikie kila mzazi, isipokuwa mahakama imeamuru vingine. Nanyi wanafunzi mnaopitia hali hii, jueni kwamba si ninyi mliovunja ndoa ile, wala si kazi yenu kuiunga. Mna haki ya kumpenda baba bila kumkana mama, na ya kumpenda mama bila kumkana baba.

Baada ya miaka, huenda staha hiyo ikazaa urafiki wa kweli, ulio wazi mbele ya wenzi wapya na jamaa. Ukija, na ukaribishwe. Usipokuja, hapana aliyekosa. Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kazi iliyobaki yaonekana: yupo mtoto wa kusomeshwa, na siku ya wazazi ijayo viti viwili vya mbele vyahitaji wa kuvikalia.