Mpaka, Mpaka, Mpaka: Hatuna Neno Jingine?

Ninalo jambo moja na nitalisema wazi: neno "mpaka" tumelifanyisha kazi ya punda. Kiingereza kikitaja tu mwisho wa kitu chochote, sisi mbio tunalikimbilia. "Border" ni mpaka. "Boundary" ni mpaka. "Limit" ni mpaka, "edge" ni mpaka, na hata "margin" ya daftari nimemsikia mtu akiiita mpaka, ilhali neno pambizo lipo na walimu wetu hulitaja kila wanaposahihisha insha. Halafu mtu huyo huyo atasimama kwenye mdahalo adai ati Kiswahili ni maskini wa msamiati. Maskini hapo ni nani, jamani?

Hebu kwanza tuutazame huo utajiri wa Kiingereza. Mengi ya maneno hayo si ya kuzaliwa nayo. Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka wa 1066, na kwa muda mrefu Kifaransa kikawa ndicho lugha ya wakubwa na ya mahakama. "Border" na "frontier" zimetoka huko. "Limit" na "margin" asili yake ni Kilatini. "Verge" nayo imetokana na neno la Kilatini lenye maana ya fimbo: msimamizi wa nyumba ya mfalme alishika fimbo ya cheo, na eneo la maili 12 kuizunguka ikulu lilihesabiwa kuwa chini ya fimbo hiyo. "Edge" ndilo lao la asili, na hapo kale lilitaja makali ya upanga. Sisemi haya ili kuwacheka Waingereza. Sisi pia tumekopa, na kukopa maneno si aibu. Nasema tu kwamba wingi huo uliletwa na historia. Haukuletwa na akili kuliko za watu wengine.

Turudi nyumbani. Kisu kina makali. Mto una ukingo, na kikombe vilevile. Leso ina pindo, na mama yeyote wa Mombasa atakuonyesha pindo ni lipi na mji ni upi. Bahari ikikutana na nchi kavu pana ufuo, na nchi yote ya pwani ni mwambao. Safari ina kikomo, macho yana upeo, na kazi ya kukabidhiwa kwa tarehe fulani ina makataa. Mashamba mawili yakigusana tunasema yanapakana, na hapo ndipo mpaka ulipo kwao. Kwenye ardhi sina ugomvi nalo.

Nakubali jambo moja. Kiingereza hutenga "border" ya nchi na nchi, na "boundary" ya shamba na shamba au wadi na wadi. Sisi twasema mpaka kote kuwili. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, iliyoanzishwa chini ya Katiba ya 2010, haina askari Namanga wala Lunga Lunga. Mipaka yake ni ya maeneo bunge 290 na ya wadi. Lakini mtaani tatizo hilo lilishapata dawa. Watu wa Busia na Malaba waliichukua "border" wakaifanya boda, na wale waendesha baiskeli waliobeba abiria kati ya kituo cha upande wetu na kile cha Uganda wakaitwa bodaboda. Leo bodaboda inakufikisha sokoni hata kama hujawahi kuuona mpaka wa nchi maishani mwako. Najua kuna mwalimu atakayeipigia boda mstari mwekundu. Mimi naona hilo neno limeshakula chumvi ya kutosha.

Sasa kuna atakayesema, "Wewe nawe! Mpaka, kikomo, makataa, si ni yale yale?" Si yale yale. Kule kwetu, ardhi ilipokuwa ikipimwa, mzee mmoja jirani yetu alipata barua ya Kiingereza. Sheria inampa mtu siku 60 za kupinga yaliyoandikwa katika rejista ya ardhi, tangu notisi itangazwe kwamba rejista imekamilika. Mzee akampa barua kijana aliyemaliza kidato cha nne amsomee. Kijana akafika penye "limit", akasema, "Mzee, wanasema mpaka ni siku sitini." Mzee akashukuru. Yeye alielewa kwamba siku sitini zikiisha wapimaji watakuja kuutazama mpaka, ule wa michongoma. Akangoja kwa subira. Hata akafyeka kichaka ili wapate njia. Alipoona kimya akaenda ofisini kuuliza mbona hawaji, akaambiwa muda wa kulalamika umekwisha. Kipande alichokilima tangu ujana wake kilikuwa kimeandikwa jina la mtu mwingine.

Kijana yule hakumdanganya mtu, na neno alilolitumia limo katika kamusi. Lakini angalisema "makataa", au angalisema kwa maneno ya kawaida tu, "Mzee, siku sitini zikipita huwezi kulalamika tena," yule mzee angaliamka kesho yake alfajiri akatafute nauli.

Tena mara nyingi Mswahili hatumii jina kabisa pale Mwingereza anapotaja ukingo, hutumia kitendo. Nimesoma insha iliyosema msichana "alikuwa kwenye ukingo wa machozi." Ukingo wa machozi! Machozi yalimlengalenga, basi. Mgonjwa aliyezidiwa anachungulia kaburi. Aliyeteleza akajishika, nusura aanguke. Debe limejaa pomoni. Aliyechoka kuvumilia, yamemfika kooni. Naam, mtovu wa adabu huchupa mipaka, na hapo neno letu liko kwao. Lakini ile kauli ya Kiingereza tunayopenda kuibandika mabwenini, kwamba anga ndiyo "limit", ukiifanya "anga ni mpaka" msomaji atadhani mbingu nayo imepimwa ikawekewa mawe na serikali.

Nina ombi kwa wanachama wenzangu. Katika mashindano ya msamiati ya muhula ujao, tupunguze kuulizana nomino za makundi, ambazo wengi wetu tumezikariri kama kasuku. Tupewe sentensi 20 za Kiingereza zenye "edge", "limit" na ndugu zao, na atakayeandika mpaka bila sababu apoteze alama. Sentensi ya kwanza naitoa mimi: msitu unapokwisha na mashamba yakaanza, pale ni wapi? Ni pembezoni, kandokando, au ukingoni? Nimewauliza walimu wawili wa hapa hapa shuleni, na kila mmoja amenipa jibu lake.