Hata Leba Mnataka Mfanye Harusi?

Sentensi hiyo si yangu. Aliitamka rafiki yangu mmoja, mshairi, mbele ya watu wanane hivi tuliokuwa tumebaki tunakunywa chai baada ya uzinduzi wa kitabu, na wote wakacheka. Nami nilicheka, maana ilichekesha kweli. Nilikuwa nimetoka kuwasimulia kwamba mwanangu wa pili alipozaliwa, mwaka 2022, nilimlipa mpiga picha shilingi laki sita aje leba. Mshairi akaweka kikombe chini: “Dada, hata leba mnataka mfanye harusi?” Nikabadili mada, nikapanda bajaji, nikafika nyumbani na hasira zangu. Majibu mazuri huja ukiwa umeshaondoka. Haya basi, langu hili hapa, na ni refu kuliko swali.

Kwanza nimpe haki yake. Upuuzi upo. Nimeona matangazo ya vifurushi, cha fedha na cha dhahabu, mama apakwe poda na kubandikwa kope katikati ya uchungu, maputo yafungwe kwenye nguzo ya kitanda, halafu picha zisafishwe kwenye kompyuta mpaka jasho lote likauke na tumbo liwe kama la mtu aliyetoka saluni. Mtoto hajamaliza saa moja duniani, tayari ana wafuasi. Hayo siyatetei hata kidogo. Kama mshairi angeishia hapo tungepeana mikono na kuagiza chai nyingine. Ila hakuishia hapo. Alisema kuzaa ni siri ya wanawake, bibi zetu walizaa bila kamera, na haya mambo ni uzungu tu.

Bibi zetu. Sawa, tuanze na wangu.

Bibi mzaa mama aliitwa Chausiku. Hakuna Mswahili anayehitaji kuelezwa jina hilo. Alizaliwa usiku, kuna mtu alikuwepo akaona kwamba ni usiku, na akahakikisha jambo hilo halisahauliki kwa kumbandika mtoto mwenyewe. Tazama majina tuliyo nayo: Masika kwa aliyekuja na mvua, Mwanaidi kwa aliyekuja na sikukuu, Juma kwa wa Ijumaa, Tabu na Shida kwa wale ambao mama zao nusura wasirudi. Hizo ni picha. Zimepigwa bila kamera, lakini ni picha, tena mtu anatembea nayo mpaka kaburini. Usiku wa bibi Chausiku nimesimuliwa na watu watatu tofauti: taa ilizimika kwa kukosa mafuta, shangazi mtu akatumwa kwa jirani, aliporudi mtoto alikuwa ameshatoka, wakamtazama kwa mara ya kwanza kwa mwanga wa kuni. Watu watatu! Na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwepo. Waliambiwa na waliokuwepo.

Kwa hiyo ni kweli bibi zetu walizaa bila kamera, lakini hawakuzaa bila mashahidi. Ile inayoitwa siri ya wanawake ilikuwa na watu ndani yake. Mkunga, mama mzazi, wifi, jirani mwenye mikono mizuri. Walikuwa na kazi ya kushika na kufuta na kuchemsha maji, na walikuwa na kazi nyingine ambayo hatuitaji: kukumbuka. Mzazi mwenyewe hakumbuki vizuri, muulize yeyote. Yuko ndani ya maumivu kama mtu aliye ndani ya maji.

Halafu tukahamia hospitali, na hapa nisisomwe vibaya. Siwatamanii wale waliozalia kwa mwanga wa kuni. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000 hapa Tanzania. Ule wa 2022 ukaonyesha 104. Sitambishia mtu yeyote anayesema mwanamke akazalie hospitali. Ila mlangoni tuliacha kitu. Mama anabaki getini na chupa ya chai, mume anabaki getini na simu, wewe unaingia na beseni lako, kanga zako, glovu ulizonunua mwenyewe, na kuanzia hapo kila kitakachokupata kitaandikwa na mtu mmoja tu.

Mwaka 2016 niliingia hivyo. Sitaitaja hospitali, na isingekuwa haki kuitaja yenyewe peke yake. Uchungu ulinianza saa mbili usiku. Mpaka saa sita tulikuwa wawili kitanda kimoja, kisha nikapata changu. Mapema usiku ule niliambiwa ile sentensi ambayo wanawake wengi wa nchi hii wanaijua, kwamba wakati wa kuitafuta mimba sikupiga kelele. Sitaikuza. Nesi alikuwa peke yake zamu ile. Nalijua hilo kwa sababu nilimsikia akilalamika kwenye simu. Baadaye simu ikanyamaza na yeye akanyamaza. Nikasikia adhana ya alfajiri kutoka msikiti ulio nyuma ya ukuta. Baada ya adhana, si kabla, ndipo mtoto alipokuja, na aliyempokea ni mwanamke wa kitanda cha jirani. Alishuka kitandani akiwa na uchungu wake mwenyewe, akanishika mguu mmoja kwa bega lake, akamdaka mwanangu kwa kanga yake ya rangi ya chungwa, halafu akapiga kelele ya kuita nesi ambayo nadhani hata getini waliisikia. Nesi akaja mbio, akakata kitovu, akafanya mengine yote inavyotakiwa. Mtoto alilia. Wote tulipona.

Siku ya kuruhusiwa nilipewa faili langu nilipeleke dirisha la malipo, nikalisoma njiani. Mwandishi wa habari hapewi karatasi asisome. Nilikuwa nimejifungua kawaida, mtoto wa kike, kilo 2.9, saa kumi na dakika kumi za usiku, kwa msaada wa mhudumu ambaye sahihi yake ilikuwa hapo.

Saa kumi na dakika kumi. Adhana ya alfajiri Dar es Salaam haipigwi saa kumi na dakika kumi, mwezi wowote wa mwaka. Kuna karibu saa nzima imeliwa hapo, na ndani ya saa hiyo kuna mwanamke mwenye kanga ya chungwa ambaye, kwa mujibu wa faili, hajawahi kuwepo. Jina lake sikulipata. Najua tu kwamba alitokea Chalinze na kwamba ule ulikuwa uzao wake wa tano.

Ningemwambia nani? Mume wangu alikuwa getini. Mama yangu alikuwa getini. Neno langu lingesimama dhidi ya faili, na neno la mwanamke aliyekuwa na uchungu halina mhuri. Kazini kwangu habari yenye chanzo kimoja hairuki hewani, mhariri anairudisha. Leba ndiyo chumba pekee ninachokijua ambamo chanzo kimoja kinatosha, na chanzo hicho ndicho kinachochunguzwa.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipoingia sikuwaza maputo, nilimwaza shahidi. Nilizunguka hospitali tatu za kulipia nikiuliza swali moja. Ya kwanza walinicheka. Ya pili matroni alisema kamera hapana, “kwa faragha ya mgonjwa”, na nilipomwambia mgonjwa mwenyewe ni mimi akasema utaratibu ni utaratibu. Ya tatu walikubali mama yangu aingie na mpiga picha aingie, kwa masharti: asimame upande wa kichwa changu, asitumie flashi, asimpige mhudumu yeyote bila ridhaa yake, na akiambiwa toka, anatoka bila swali. Masharti mazuri hayo. Mimi niliongeza la kwangu kwenye mkataba: hakuna picha itakayowekwa mtandaoni, hata moja, hata kisigino. (Mume wangu alisema mwenyewe atakaa nje. Damu haiwezi. Namshukuru kwa ukweli.)

Mpiga picha alikuwa binti mtulivu mwenye viatu vya raba, akavua na saa ya mkononi. Baada ya dakika kumi nilimsahau kabisa. Wahudumu hawakumsahau, na hili naomba lisemwe wazi. Kila aliyeingia alijitambulisha jina. Kila aliyetaka kunigusa alisema anachotaka kufanya. Pengine hospitali ile ndivyo walivyo siku zote. Pengine. Lakini mtu anayetazamwa hukaa wima, sote tunajua, ndiyo maana mwalimu husahihisha madaftari kwa haraka mkaguzi akiwa mlangoni.

Picha zilikuwa 214. Katika mojawapo mama yangu ameng’ata upindo wa kanga yake, macho kwenye saa ya ukutani. Nyingine ni uso wangu, umevimba, mdomo wazi, sina kope wala heshima, na ni picha ninayoipenda kuliko ya harusi yangu. Nyingine ni mikono ya mkunga ikikizungushia kichwa cha mwanangu kama mtu anayepokea bakuli lililojaa. Kazi tupu. Utulivu mtupu. Wiki mbili baadaye mkunga huyo alinipigia simu kuuliza kama anaweza kupata nakala ya picha ambayo uso wake unaonekana. Aliniambia amezalisha kwa miaka kumi na tisa na hakuna aliyewahi kumpiga picha akiwa kazini. Anayo ya mahafali tu.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilipeleka kamera kwa ajili ya kujilinda na wakunga, nikarudi na ushahidi wa kumtetea mmoja wao. Baadaye nikakumbuka kwamba kuna aliyefanya jambo hili kwa makusudi zamani. Desemba 1951 jarida la LIFE la Marekani lilichapisha picha za W. Eugene Smith alizopiga akimfuata Maude Callen, nesi na mkunga Mweusi katika vijiji vya South Carolina, katika zama za ubaguzi. Zinaanza na uzazi, nyumbani kwa mtu, usiku, mwanga hafifu, mkono wa mkunga kwenye mwili wa mama. Hakuna poda pale. Wasomaji walituma michango, zikapita dola 20,000, na mwaka 1953 Callen akafungua kliniki. Hebu mtu aniambie picha zile zilimdhalilisha nani.

Sasa nirudi kwa mshairi, maana hoja yake ya siri inaniuma zaidi ikitoka kwa mtu wa fasihi. Riwaya za Kiswahili nilizosoma mimi, shuleni na baada ya shule, mara nyingi zikifika leba hufunga mlango. Mwanaume anatembea koridoni, anavuta sigara, ukurasa unageuka, mtoto analia. Vita tunaonyeshwa mpaka utumbo. Mauti tunaonyeshwa mpaka nzi. Na wale wale wanaosema mambo haya hayasemwi ndio wanaofundisha utendi wa Mwana Kupona, aliouandika kwa binti yake mnamo 1858 akiwa mgonjwa, kwa sababu aliogopa kuondoka na maneno yake kifuani. Tunakubali mama amwachie binti maandishi ya namna ya kuishi na mume. Ya namna alivyoingia duniani, hapo ndipo tunaona haya?

Na haya hiyo inamlinda nani? Mimi haikunilinda 2016. Nilikuwa uchi mbele ya watu nisiowajua usiku kucha, faragha ya mgonjwa haikuonekana. Ilionekana miaka sita baadaye, nilipotaka kuingia na mtu wa kuona.

Kuna hoja moja ambayo mshairi hakuitoa na ndiyo inayoninyima usingizi: laki sita. Mwanamke wa Chalinze hana laki sita ya mpiga picha, na hata angekuwa nayo, katika wodi yenye vitanda vilivyobanana kamera yake ingewapiga na wengine ambao hawakuulizwa. Nilichokinunua ni haki, na haki ikishauzwa ujue kuna walioikosa. Nakiri. Ila jibu si kunitaka mimi nione aibu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo yake 56 kuhusu uzazi mwaka 2018, mojawapo ni kila mwanamke awe na mtu anayemtaka yeye pembeni yake leba. Mtu huyo ni bure. Ana macho, ana masikio, anajua adhana imepigwa saa ngapi. Wekeni pazia kati ya vitanda, mruhusuni mama wa mtu aingie, na mimi kamera yangu nitaiweka kabatini. Mpaka hapo, anayeweza kumleta shahidi amlete, hata kama shahidi huyo anatoza pesa na ana lenzi.

Binti yangu wa 2016 amekuwa mkubwa sasa wa kuona albamu ya mdogo wake na kudai yake. Sina. Nilimkalisha nikamsimulia kila kitu, adhana, kitanda, yule mama, nikaacha sentensi ya nesi kwa ajili ya siku nyingine. Akaenda kuchukua karatasi na penseli za rangi. Amechora msikiti mkubwa kuliko hospitali. Mwanamke wa kanga ya chungwa amempa mikono mirefu sana. Nesi amemweka mlangoni, anakimbia. Na mimi amenichora ninacheka. Nilimwambia sikuwa nacheka, afute mdomo. Akakataa, akasema karatasi ni yake.