Uani kwa Bibi, Ndani ya Boksi

Kama ungepita nyumbani kwangu Jumapili iliyopita, ungemkuta mtu mzima ameketi mkekani, boksi la karatasi ngumu limemziba macho, akigeuza shingo huku na huku kama aliyepoteza kitu. Mtu huyo ni mimi. Nilikuwa uani kwa marehemu bibi yangu, Pangani, katika nyumba iliyokwisha kubomoka miaka mingi.

Ufundi huo huitwa uhalisia pepe, na asili yake si ya jana. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alieleza kuwa picha mbili zinazotofautiana kidogo, kila jicho likipewa ya kwake, huonekana kama kitu kimoja chenye kina. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, huko Marekani, alionyesha chombo cha kuvaliwa kichwani, kilichounganishwa na mtambo ulioning'inia darini. Siku hizi simu ya mkononi yatosha. Kioo chake hugawanywa sehemu mbili, lenzi mbili huwekwa mbele yake, na vihisi vilivyomo ndani hutambua kichwa kinavyogeuka. Boksi nililikata mwenyewe. Lenzi ndizo nilizonunua.

Kujenga uwanja wenyewe nilitumia A-Frame, programu isiyolipiwa iliyotolewa mwaka 2015 na Mozilla. Mtu huandika maneno machache, na umbo hutokea. Mchemraba ukawa nyumba, mcheduara ukawa shina la mwembe, matufe matatu yakawa mafiga. Vipimo vyote ni vya mita, kama vya fundi mwashi.

Hata hivyo, nilipouvaa uwanja ule sikuutambua. Mwembe ulikuwa mfupi, na nyumba kama banda. Nikaongeza vipimo, nikapunguza, nikakesha. Mwisho nikang'amua kosa: programu ile huweka macho ya mtazamaji kwenye kimo cha mita 1.6, kimo cha mtu mzima aliyesimama. Nani alisikiliza hadithi za bibi akiwa amesimama? Nikayashusha hadi sentimita 70, kimo cha mtoto aliyeketi mkekani. Sikugusa kitu kingine. Papo hapo mwembe ukapanda mbinguni, mafiga yakasogea karibu na magoti yangu, na mlango wa jikoni ukawa na lile giza nililokuwa nikiliogopa. Nilivua boksi, nikakaa kimya kitambo.

Shida ya pili ilikuwa hadithi yenyewe. Katika senema, mwongozaji ndiye achaguaye tutazame nini. Humu mtazamaji hana bwana. Nilimtoa sungura kisimani kwa madaha, na binti yangu wa miaka sita alikuwa amewapa kisogo, sungura na kisima pamoja, akihesabu maembe. Nikaweka mlio wa jiwe likitumbukia majini, utokee upande wa kisima. Sasa hugeuka mwenyewe. (Sungura nimemtengeneza kwa matufe manane, na mke wangu asema afanana na gunia la viazi. Tuliache hilo.)

Sauti ya msimulizi ni ya mama yangu, aliyeirithi hadithi hiyo kwa bibi. Nilimnasa kwa simu, akisimulia tangu mwanzo hadi mwisho. Aliposema "Paukwa!" alinyamaza kidogo, kama ilivyo ada, kisha akaendelea, kwa kuwa mimi mnasaji sikuwa nimeitikia.

Basi binti yangu akavaa boksi. "Paukwa!" Mtoto alikuwa bado akishangaa mwembe. Alipokumbuka na kupaza sauti yake, "Pakawa!", hadithi ilikuwa imekwisha kumpita. Akavua boksi akanitazama.

"Baba, bibi hakunisubiri."

Nikamweleza habari za sauti iliyonaswa. Hakuridhika. Jioni ile nikakirefusha kimya kile, kutoka sekunde mbili hadi tano. Akiwahi kuitikia, hubaki ameduwaa akingoja, na akichelewa, hupitwa vilevile.

Kabla ya kulala tukampigia simu bibi yake. "Paukwa!" akaita yule mzee. Mtoto akaziba mdomo kwa viganja, akicheka chini chini, akamchelewesha makusudi. Na kule upande wa pili bibi naye akanyamaza, akimsubiri.