Shafti Haipigi Mpira

GOFU JUMAMOSI
Na Athumani Mwatela

Draiva mpya ya kampuni kubwa siku hizi ni dola 600 hivi za Marekani au zaidi. Shafti peke yake, ule mti wa nyuzi za kaboni unaounganisha mshiko na kichwa, ukiinunua kando huweza kufika dola 300 hivi kwa zile zenye jina, au hata kupita hapo. Kwa hiyo anayeng'oa shafti iliyokuja na draiva yake akaweka yenye jina amelipia nusu ya draiva mara ya pili. Amepata nini? Mara nyingi amepata raha ya mkono, wakati mwingine mpira ulionyooka zaidi, na yadi za ziada kwa nadra sana. Raha ya mkono siidharau. Tatizo ni kwamba kaunta ya duka huuza yadi.

Tuanzie pale mpira unapopigwa. Uso wa draiva hugusana na mpira kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Kwa muda mfupi hivyo, mikono haina la kuongeza wala la kupunguza, na shafti vilevile. Alastair Cochran na John Stobbs walilieleza jambo hili katika kitabu chao cha 1968, Search for the Perfect Swing: mpira unapopigwa, kichwa hufanya kazi kana kwamba hakikuungwa na kitu. Nacho kichwa kina mipaka yake. R&A na USGA, wenye sheria za mchezo huu, hawaruhusu kizidi sentimita za ujazo 460, na wameweka kikomo cha jinsi uso wake unavyoweza kuurusha mpira. Draiva za kampuni kubwa zimeshabanana karibu na ukomo huo, na shafti haiwezi kuzivusha.

Kazi ya shafti ni kukifikisha kichwa kwenye mpira kikiwa na kasi, kikiangalia panapotakiwa, na kwa pembe inayofaa. Hapa ndipo habari ya kuoanisha shafti na kichwa inapopata maana, maana ambayo wauzaji wengi huiruka. Kitovu cha uzito wa kichwa cha draiva hakiko kwenye mstari wa shafti. Kiko nyuma yake na pembeni. Fimbo inaposhuka kwa kasi, kitovu hicho hutaka kujipanga kwenye mstari mmoja na mvuto wa mikono, hivyo shafti hupinda kwenda mbele na uso huinuka. Kadiri uzito ulivyosukumwa nyuma, ndivyo mpindo unavyokuwa mkubwa. Kichwa kama Ping G430 Max 10K cha mwaka 2024, ambacho uzito wake mwingi uko nyuma ili kisamehe makosa, hakiwezi kuitendea shafti sawa na kichwa chenye uzito mbele, kilichoundwa kupunguza mzunguko wa mpira. Shafti iliyomfaa jirani yako kwenye kichwa chake inaweza kuinua mpira wako kupita kiasi ukiihamishia kwenye chako. Kusifu shafti bila kutaja kichwa ilichofungwa ni maneno matupu.

Hata hivyo, mpindo huo hubadilisha pembe kwa nyuzi chache tu. Linaloumiza kadi ya mchezaji wa kawaida ni mahali anapopigia kwenye uso. Chukua mtu ambaye kichwa cha fimbo yake kinakwenda maili 90 kwa saa. Akiupata mpira katikati, utatoka kwa kasi ya mara 1.48 ya hiyo, yaani maili 133. Akiupiga kuelekea ncha, uwiano ukashuka hadi 1.40, utatoka kwa maili 126. Kila maili ya kasi ya mpira ina thamani ya kama yadi mbili, kwa hiyo amepoteza yadi 14 bila kupunguza nguvu hata chembe. Kuzirudisha kwa misuli angehitaji kuongeza maili 5 za kasi ya fimbo, na hakuna shafti itakayompa hizo.

Ndiyo maana mimi ningeuliza urefu na uzito, ambavyo husaidia kuupata mpira katikati, kabla ya kuuliza ugumu. Draiva za dukani huwa na inchi 45.5 au zaidi, kwa sababu fimbo ndefu hung'ara kwenye tangazo la umbali, ilhali wachezaji wengi wa PGA Tour, wenye vipaji vyao vyote, hubaki kwenye inchi 45 au chini yake. Kukata nusu inchi ni kazi ya dakika chache kwa fundi, mradi akumbuke kurudisha gramu 6 hivi kwenye kichwa ili fimbo isipoteze mzani. Hailingani hata kidogo na bei ya shafti mpya. Nashangaa haitangazwi, ingawa sishangai sana.

Ugumu ndio unaotajwa zaidi, na ndio wenye ushahidi dhaifu zaidi. Zile herufi za ugumu zinazoandikwa kwenye shafti, R, S na X, kutoka laini hadi ngumu, hazina kipimo cha pamoja. S ya kampuni moja inaweza kuwa laini kama R ya nyingine. Mtafiti Sasho MacKenzie wa Kanada, aliyeichunguza shafti kwa miaka mingi, amepata kwamba shafti laini hukirusha kichwa zaidi kabla ya kugonga, lakini mikono ya mchezaji hupunguza mwendo wake, na kasi ya mwisho inabaki karibu ileile. Mwili hujirekebisha bila kuomba ruhusa.

Kuna atakayesema: mbona wataalamu hubadilisha shafti kila mara? Wao hupiga sehemu ileile ya uso saa baada ya saa, kwa kasi inayokaribia maili 115, hivyo nyuzi moja ya pembe kwao ina maana, na tena hawalipi. Mwingine ataleta picha ya mashine ya rada inayoonyesha amepata yadi 15 baada ya kubadilisha. Nitamuuliza kama kichwa kilikuwa kilekile, kama pembe yake haikuguswa, na kama mipira iliyoharibika ilihesabiwa au ilifutwa. Jaribio la haki ni kichwa kimoja na shafti mbili, zikipokezana kila baada ya mipira michache ili uchovu na joto la mwili visipendelee upande. Mipira yote ihesabiwe, kisha utazame ilivyotawanyika kabla ya kutazama ule ulioenda mbali.

Wapo ambao kwao mabadiliko ni ya lazima. Gofu yetu imejengwa juu ya fimbo za mitumba na za kurithi: kijana anapewa draiva ya mjomba, mwanamke ya mumewe, mzee anang'ang'ania shafti nzito ya X aliyoinunua akiwa na miaka 35. Hao wanabeba mzigo usio wao, na shafti nyepesi inayowafaa itawaletea mpira katikati ya uso, na pengine yadi pia. Bado bora waanze na shafti ya mitumba yenye kiunganishi cha kampuni iliyotengeneza kichwa chao, kwa kuwa kila kampuni ina chake na mara nyingi havibadilishani.

Na wa Pwani wanaopanda Nairobi kupimwa kwa rada wakumbuke kwamba kwenye mita 1,700 hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali zaidi kwa kama asilimia 6. Mwenye kupiga yadi 230 pale Nyali huko Pwani atasomewa zaidi ya 240 kwenye rada ya Nairobi, akiwa na shafti yake ileile ya zamani.