Chakula Laini si Heshima kwa Mzee

Ipo desturi katika miji ya kando ya Ziwa Viktoria ambayo chanzo chake ni mapenzi mema, lakini matokeo yake huwaumiza wazee. Mtu aliyepata kazi Mwanza humchukua mama au baba yake kutoka Magu, Misungwi au Ukerewe ili amtunze nyumbani kwake. Kijijini mzee huyo alizoea ugali wa mtama au wa dona, nsansa, kunde na michembe. Mjini huandaliwa vyakula vinavyohesabiwa kuwa vya heshima: sembe nyeupe, wali, mkate mweupe na soda. Baada ya majuma machache tumbo hujaa, choo huwa kigumu, na haja hupatikana kwa taabu mara moja katika siku nne au tano.

Aghalabu mtoto hukimbilia dawa ya kuharisha. Mzee huharisha siku moja, hulegea, kisha hufunga tena choo. Watu husema, "Ni uzee." Kauli hiyo haitoshi. Ni kweli kwamba uzee hupunguza nguvu za utumbo, lakini katika nyumba nyingi sababu kubwa zaidi imo sahanini.

Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji kutoka katika mabaki ya chakula. Mabaki yakiwa machache husafiri polepole, hukaushwa na kuwa magumu. Nyuzinyuzi za nafaka, kunde na mboga hazimeng'enywi zikaisha. Hushika maji, huongeza wingi wa choo, na wingi huo huuamsha utumbo kusukuma. Mashine ya kukoboa huondoa sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo pamoja na pumba. Hivyo kuku wa mjini hula kile ambacho mzee wa nyumba hiyo hiyo anakihitaji.

Maarifa haya kwa sehemu kubwa yalichimbuka katika eneo letu. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na Uganda tangu 1929 hadi 1958, na mwaka 1960 alichapisha kitabu kuhusu maradhi yasiyoambukiza katika Afrika. Mpasuaji Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi katika hospitali ya Mulago, aliendeleza hoja hiyo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitangaza vipimo vyao: wanavijiji wa Uganda walitoa choo cha zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa muda wa siku moja na nusu hivi, mabaharia wa Uingereza walitoa gramu 100 hivi, na chakula kilichukua zaidi ya siku tatu. Si yote aliyoyadhani Burkitt kuhusu maradhi mengine yaliyothibitika, lakini hili la choo limesimama. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa hutoa kiasi cha nusu yake.

Kwa hiyo mtoto anayetaka kumheshimu mzazi amrudishie chakula chake. Aanze na uji wa dona au wa ulezi asubuhi, kisha kunde au choroko zilizopikwa zikalainika, mlenda, matembele, papai na viazi vitamu. Mzee asiye na meno hapaswi kunyimwa mboga. Mboga zikatwe ndogo na kupikwa vizuri. Mabadiliko yafanywe kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, maana haraka huleta gesi na maumivu. Maji nayo yaongezwe, isipokuwa daktari akiwa ameyawekea kiwango kwa sababu ya moyo au figo. Wazee wengi hujinyima maji kwa kuogopa kwenda chooni usiku. Taa na njia salama ya kufika chooni ni sehemu ya tiba. Baada ya uji wa asubuhi, wakati utumbo unapoamka, mzee apewe nafasi bila kuharakishwa. Anayetumia choo cha kukalia awekewe kigoda chini ya miguu.

Hata hivyo si kila tatizo la tumbo ni la chakula. Vidonge vya kuongeza damu na baadhi ya dawa za maumivu hufunga choo. Damu katika choo, kukonda, upungufu wa damu, au mabadiliko ya choo yasiyokwisha yanahitaji uchunguzi. Katika mwambao wa ziwa damu hiyo yaweza kuwa ya kichocho cha matumbo, yaweza kuwa ya bawasiri, na yaweza kuwa ya saratani. Macho ya nyumbani hayawezi kuitofautisha. Tumbo likivimba ghafla, mzee akatapika na asipitishe hata hewa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, wala asipewe dawa ya kuharisha.

Kikwazo kikubwa ni aibu. Mama hawezi kumweleza mkwewe habari za choo, na mtoto wa kiume hathubutu kumwuliza mama yake. Lakini katika jamii zetu nyingi babu na bibi hutaniana na wajukuu. Mjukuu aliyeelekezwa vema aweza kuuliza kwa utani jambo ambalo baba yake hawezi kulitamka, na jibu likafika kwa daktari mapema. Wauguzi nao wasingoje kuambiwa. Wamwulize kila mzee anayefika mbele yao anakula nini na anapata choo mara ngapi.

Heshima ya mzazi haipimwi kwa weupe wa ugali. Hupimwa kwa mtu aliye tayari kujua anachougua mzazi wake, hata kama ugonjwa huo ni wa mahali pasipotajwa mbele ya wageni.