Mwingiliano wa Mawimbi: Nani Mlinzi wa Masikio ya Timau?

Mji wa Timau umekaa kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, kando ya barabara itokayo Nanyuki kuelekea Meru, baina ya mashamba ya ngano na yale ya maua. Kwa wasafiri wengi ni mahali pa kupita tu. Kwa mawimbi ya redio, hata hivyo, Timau ni njia panda. Vilima vya Nyambene viko upande wa mashariki. Nyeri iko kusini-magharibi, nyuma ya bega la mlima. Na upande wa machweo zimetanda nyanda za juu za Nyandarua. Kote huko imesimikwa mitambo ya kurushia matangazo. Msikilizaji wa Timau basi huishi ukingoni mwa maeneo kadhaa ya matangazo bila ya kuwa kitovuni mwa hata moja, na akaaye ukingoni ndiye atambuaye kwanza kwamba mipaka ina kasoro.

Kasoro hiyo ndiyo wataalamu waiitayo mwingiliano. Vituo viwili vikitumia masafa yale yale, au masafa yaliyokaribiana mno, redio hushindwa kuvitenga. Katika mfumo wa FM chombo hufuata mawimbi yenye nguvu zaidi na kuyazima yale hafifu; lakini penye nguvu zinazokaribia kulingana, chombo hakina uamuzi. Hatua mbili kuelekea dirishani unasikia taarifa ya habari, hatua mbili kurudi mezani unasikia muziki wa idhaa nyingine. Fahali wawili, twaambiwa, hawakai zizi moja. Kazi nzima ya kusimamia mawimbi ni kutafuta namna ya kuwaweka fahali wengi katika zizi ambalo haliwezi kupanuliwa.

Naomba msomaji aniruhusu nitue kidogo kwenye neno lenyewe, kwa kuwa isimu ndiyo taaluma yangu na maneno hayachaguliwi ovyo. Mwingiliano latokana na kitenzi ingia, kikawa ingilia, kisha ingiliana. Kile kiambishi cha kutendana kina maana kubwa. Kiingereza huliita jambo hili kwa neno linalobeba harufu ya lawama, kana kwamba yuko mmoja aliyejitia katika shughuli isiyomhusu. Kiswahili chasema kwamba wawili wameingiliana: kila mmoja ni kero kwa mwenzake. Mwanauchumi Ronald Coase, aliyetunukiwa Nobel mwaka 1991, alifika papo hapo kwa njia ndefu zaidi alipochunguza ugawaji wa masafa nchini Marekani katika makala yake ya mwaka 1959. Alionyesha kwamba madhara ya namna hii yana pande mbili: ukimzuia wa kwanza asimdhuru wa pili, umemdhuru wa kwanza. Swali basi si nani mkosaji, bali ni nani apewe nafasi, na kwa faida ya nani. Coase alitoka hapo akapendekeza masafa yauzwe kama bidhaa nyingine. Hapo simfuati, kwa sababu msikilizaji wa Timau hana fedha za kuingia mnadani.

Ulimwengu haukujifunza haya kwa amani. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 mtambo wa meli Californian uliiarifu Titanic kwamba barafu iko karibu. Kwa kuwa meli hizo mbili zilikuwa jirani, mawimbi ya Californian yaliyafunika yale hafifu yaliyokuwa yakitoka kituo cha Cape Race, na fundi wa Titanic, aliyekuwa akishughulikia salamu za abiria, akamkemea mwenzake anyamaze. Mwenzake alinyamaza, akazima mtambo, akaenda kulala. Titanic ilipogonga barafu muda mfupi baadaye, meli iliyokuwa karibu haikusikia kilio chake. Watu zaidi ya 1,500 walikufa. Mwaka huo huo Marekani ilitunga sheria ya kuwalazimisha warushaji mawimbi wawe na leseni. Kabla ya hapo hewa ilikuwa mali ya kila mwenye mtambo.

Nchini Kenya hali ilikuwa kinyume. Kwa muda mrefu hapakuwa na mwingiliano wa kuhesabika kwa sababu hapakuwa na wa kuingiliana. Msemaji alikuwa mmoja. Kituo cha televisheni cha KTN kilianza mwaka 1990, Capital FM mwaka 1996, na Sheria ya Mawasiliano ikapitishwa mwaka 1998, nayo ikazaa Tume ya Mawasiliano ambayo leo ni Mamlaka ya Mawasiliano. Baada ya hapo idhaa zilifumuka kama uyoga baada ya mvua, za Kiswahili, za Kiingereza, na za lugha zetu nyinginezo. Mimi ni miongoni mwa waliofurahi. Lugha isiyosikika hewani hudhaniwa na watoto wake kuwa ni ya jikoni tu.

Lakini hesabu ni hesabu. Masafa ya FM huanzia megahazi 87.5 na kukomea 108. Ukiacha megahazi 0.4 baina ya kituo na kituo katika eneo moja, huwezi kupita vituo 50 hivi. Kenya ina vituo zaidi ya 100. Vinawezaje kuenea? Jibu ni umbali. Masafa yanayotumika mji mmoja hutumiwa tena na kituo kingine katika mji ulio mbali vya kutosha, na ndiyo maana mtangazaji wa idhaa ya taifa hutusomea ile orodha yake ndefu ya miji na tarakimu. Mkutano wa Geneva wa mwaka 1984 uliopanga masafa ya FM kwa ajili ya Ulaya na Afrika ulifuata msingi huo huo. Simu za mkononi nazo hutegemea hilo: kila mnara hutumikia eneo dogo, na masafa hurudiwa mbele yake. Pamoja na umbali kuna nguvu ya mtambo, uelekeo wa antena na umbo la nchi. Mlima wenye kimo cha mita 5,199 si kizuizi tu. Ni ukuta wa bure. Fundi mwenye busara huutumia kutenganisha vituo viwili ambavyo katika tambarare vingegombana.

Ukitaka mfano ulio karibu zaidi na darasa, mtazame mtoto wa Timau mwenyewe. Nyumbani anasema Kimeru, sokoni Kiswahili, darasani Kiingereza, na pengine Kikuyu anapocheza na jirani. Walimu hulalamika kwamba lugha ya kwanza inaingilia nyingine, na ni kweli hutokea. Ajabu kubwa zaidi ni kwamba haitokei mara nyingi kuliko hivyo. Lugha nne hukaa katika kichwa kimoja kwa sababu kila moja ina mahali pake, wakati wake na watu wake. Hakuna aliyeifungia nyingine ili hii isikike.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya burudani. Nawakumbusha Machi 2020, shule zilipofungwa nchini kote kwa ajili ya korona. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilipeleka masomo hewani kupitia redio ya KBC. Kwa mtoto asiye na kompyuta wala televisheni, kile kijiredio cha betri ndicho kilichokuwa shule. Katika hali hiyo, mwalimu aliyefunikwa na muziki wa idhaa jirani ni mwalimu ambaye hakufika kazini, na mwanafunzi hana wa kumshtakia. Kituo kinachozidisha nguvu ya mtambo kupita kiasi cha leseni yake hufanya hivyo ili kipate matangazo ya biashara mji wa pili. Gharama hulipwa na wa pembezoni.

Na ni huku huku pembezoni ambako ufumbuzi mmoja wa kupendeza ulijaribiwa. Mwaka 2013, katika viunga vya Nanyuki, kampuni ya Microsoft ikishirikiana na serikali na kampuni ya Indigo Telecom ilianzisha mradi ulioitwa Mawingu. Wataalamu walitambua kwamba masafa mengi ya televisheni, yaliyojaa mijini, yalikuwa matupu mashambani. Walitumia nafasi hizo tupu kupeleka intaneti shuleni na katika zahanati, kwa minara iliyotumia nishati ya jua. Masafa ya televisheni husafiri mbali na hupenya miti kuliko yale yanayotumiwa kwa kawaida na intaneti isiyo na waya. Siri ya kutoingilia watangazaji ilikuwa ni kumbukumbu: chombo hakirushi mawimbi kabla ya kujua ni masafa gani yana mwenyewe mahali pale. Tazameni tofauti. Kanuni ya zamani husema masafa haya ni ya fulani, wengine wakae mbali hata kama fulani hayatumii. Kanuni ya Mawingu husema: uliza kwanza, tumia palipo wazi, ondoka mwenyewe akifika. Mwingiliano uliepukwa kwa maarifa, si kwa marufuku.

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la mafundi peke yao. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinatoa uhuru wa kuanzisha vyombo vya utangazaji, na kinaruhusu leseni kwa sharti moja tu: ziwe ni zile zinazohitajika kusimamia mawimbi na usambazaji wa matangazo, tena zisiwe chini ya udhibiti wa serikali, siasa wala biashara. Kwa maneno mengine, mwingiliano ndio hoja halali inayoipa dola ufunguo wa mitambo. Ufunguo huo umetumiwa kwa kazi nyingine. Tarehe 30 Januari 2018 vituo vya televisheni vilizimwa siku ya kiapo cha Raila Odinga katika bustani ya Uhuru, na amri ya Mahakama Kuu ya kuvirejesha haikutekelezwa mara moja. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka iliagiza maandamano yasitangazwe moja kwa moja, vituo vikazimwa tena, na mahakama ikalisimamisha agizo hilo. Katika siku hizo hakuna kituo kilichokuwa kimeingilia masafa ya mwenzake. Aliyeingilia alikuwa mlinzi.

Ninachokitaka ni mlinzi huyo apelekwe alikoajiriwa. Magari ya kupimia mawimbi yaonekane barabara ya Nanyuki hadi Meru kama yanavyoonekana Nairobi. Masafa yaliyotolewa yakalala bila mtambo yarudishwe na kupewa wenye haja. Maombi ya redio za kijamii yapimwe kwa ramani ya mlima, si kwa uzito wa mfuko wa mwombaji.

Walimu wa fizikia nao wanayo maabara isiyohitaji ruzuku. Wagawe wanafunzi kwa makundi, kila kundi na redio moja, wasimame Nanyuki, Timau, Kisima na Subuiga saa ile ile, waandike kila idhaa wanayoinasa, masafa yake, na ni wapi mbili zinasikika pamoja. Wafanye hivyo asubuhi na usiku, kiangazi na masika. Baada ya muhula mmoja watakuwa na ramani ya mwingiliano wa eneo lao, na nakala yake waitume kwa Mamlaka ya Mawasiliano, wakiomba kujibiwa kwa maandishi.